Rumanyika wa Karagwe na swali la upasuaji wa kupunguza uzito

Ndugu msomaji, wengi mnauliza kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito, ule unaofanywa kwa matundu madogo bila kufungua tumbo zima. Mnataka kujua unapunguza kilo ngapi, una hatari gani, na kama ukishafanyiwa umemaliza kazi. Majibu nitayatoa leo, ila nitayatoa nikikusimulia maisha ya mtu aliyefariki zamani sana ng'ambo ya ziwa letu. Katika nyumba yake unene ulitengenezwa kwa makusudi, kwa chombo cha maziwa na fimbo. Ukiona ulivyotengenezwa, utaelewa kwa nini kisu peke yake hakiumalizi.

Mtu huyo ni Rumanyika Orugundu, Omukama wa Karagwe. Hata kama hukumsoma shuleni, jina lake umelisikia, kwa sababu Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019, imepewa jina lake. Alikuwa wa ukoo wa Abahinda, na makao yake yalikuwa Bweranyange. Leo ukitoka Mwanza unapanda meli usiku, unaamkia Bukoba, kisha gari linakupandisha vilima kuelekea Kayanga. Enzi zake watu walikwenda kwa miguu, na misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Tabora ilifika hadi Kafuro, karibu na makao yake, kutafuta pembe za ndovu.

Baba yake, Ndagara, alifariki katika miaka ya 1850. Wana waligombea kiti, kama ilivyo desturi ya wana wa wafalme. Inasimuliwa kwamba ngoma ndogo iliyojaa dawa iliwekwa chini, na aliyeweza kuiinua ndiye angetawala. Ndugu zake walishindwa, yeye akainyanyua kwa kidole kidogo. Simulizi ni tamu, lakini vita navyo vilikuwepo. Ndugu yake Rogero hakukubali, na Rumanyika alihitaji msaada wa wafanyabiashara wa Tabora ili kumshinda. Hata miaka mingi baadaye jina la Rogero bado lilimnyima usingizi.

Mwaka 1858, tarehe 3 Agosti, Mwingereza John Hanning Speke alifika hapa Mwanza, akaliona ziwa na kulipa jina la malkia wao. Hakukaa. Alirudi tena na mwenzake James Grant, safari hii wakizunguka upande wa magharibi, na Novemba 1861 wakaingia kwa Rumanyika. Tunayoyajua kuhusu mwili na chakula cha nyumba ile yanatoka zaidi katika kitabu ambacho Speke alikichapisha mwaka 1863. Msome kwa tahadhari, kwa maana alikuwa na dharau za wazungu wa enzi zake, na alibuni nadharia za koo na rangi ambazo zimeleta maafa katika ukanda wetu. Lakini alipopima kitu kwa kamba, alikipima.

Alimkuta mfalme mrefu, mwenye sura nzuri, mpole, mwenye maswali mengi. Rumanyika alitaka kujua kama jua la leo ndilo lile lile la jana au kila siku huja jingine. Alizungumza kuhusu milima na maziwa ya nchi za jirani kwa namna iliyowasaidia wageni wale kuchora ramani zao. Aliwapa chakula na nafasi ya kuwinda, akawatafutia njia ya kwenda Buganda. Kwa wageni waliokuwa wamenyanyaswa na kutozwa hongo njia nzima, ilikuwa kama kuingia nyumbani.

Kisha Speke akaona wanawake.

Mke wa kaka mkubwa wa mfalme hakuweza kusimama kwa sababu ya unene. Kulikuwa na vyombo vya maziwa vimepangwa ndani, na mgeni alipouliza vya nini, mwenye nyumba alimwonyesha mke wake: ile ndiyo kazi ya vyombo vile. Tangu utotoni wanawake wa nyumba ya kifalme waliwekewa maziwa mdomoni kutwa nzima, kwa kuwa ilikuwa heshima ya jumba la kifalme kuwa na wake wanene sana.

Siku nyingine alipata ruhusa ya kumpima shemeji wa mfalme. Nikigeuza futi na inchi zake kuwa sentimita, mama yule alikuwa na urefu wa takriban 173. Mkono ulikuwa na mzunguko wa sentimita 58, kifua 132, paja 79, na ndama ya mguu 51. Chukua futi ya fundi cherehani ujipime mkono wako hapo juu ya kiwiko, utaona tunazungumzia nini. Hakuwa na mizani, kwa hiyo uzito wake hatuna. Na kipimo ambacho daktari wa leo angekitaka kuliko vyote, yaani kiuno, hakimo kwenye orodha. Mafuta ya kiunoni, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na ugonjwa wa moyo. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari huanza kupanda, na kikifika 88 imepanda sana. Kwa mwanamume namba hizo ni 94 na 102.

Mzazi, sehemu inayofuata ni yako. Katika chumba kile kile alikaa binti wa yule mama, msichana wa miaka 16, mdomo ukiwa kwenye chombo cha maziwa. Pembeni alikaa baba yake ameshika fimbo, ili binti asiache kunywa. Speke aliandika jambo hili kama kichekesho cha safari. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu naona baba anayempenda mwanawe. Alitaka binti yake aolewe vizuri na asidharauliwe, na kwa akili ya mahali na wakati ule njia ilikuwa hiyo. Katika nchi ambako njaa ingeweza kuja mwaka wowote, mwili mnene ulimaanisha ng'ombe wengi zizini, na mwanamke ambaye hakulazimika kushika jembe. Jirani zao wa Nkore walikuwa na desturi hiyo hiyo.

Sasa linganisha na huyo mfalme mwenyewe. Kwa maelezo ya Speke, Rumanyika naye aliishi karibu kwa maziwa tu. Nyama alifyonza mchuzi wake bila kuila, pombe ya ndizi aliigusa mara chache, na hakuna aliyewahi kumwona amelewa. Lakini hakuwa mnene. Alitembea, alisimamia mahakama na sherehe za mwezi mwandamo, alipokea wageni. Wanawake walikaa kitako na kunyweshwa kupita kiasi cha njaa yao. Maziwa yalikuwa yale yale, tofauti ikawa kwenye kiasi, mwendo na amri ya mtu mwingine. Tujuavyo leo, kuna pia tofauti za kuzaliwa nazo: watu wawili wakila sahani sawa, mmoja hunenepa haraka kuliko mwingine. Kwa hiyo ukimwona mtu mnene pale Kirumba au Igoma, usimhukumu kwamba hana nidhamu. Hujui nani alimshikia fimbo utotoni.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu maziwa. Mtoto mchanga anyonyeshwe maziwa ya mama pekee miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya akipewa chakula kingine. Maziwa ya ng'ombe ni chakula kizuri. Kinachotusumbua ni kalori zinazoingia kwa kunywa bila mwili kushtuka. Ukila sato mzima na ugali wa muhogo tumbo linakuambia basi. Ukinywa soda mbili, juisi ya boksi na chai yenye vijiko vinne vya sukari, tumbo halisemi kitu. Vyombo vya Karagwe vimegeuka chupa za plastiki. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana uzito uliozidi.

Sasa twende kwenye chumba cha upasuaji.

Daktari wa upasuaji hutoboa matundu manne hadi sita, kila moja dogo kuliko upana wa kidole gumba au karibu nao. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili kupata nafasi, kamera huingizwa, na kazi hufanywa kwa vyombo virefu vyembamba huku timu ikitazama kwenye skrini. Mgonjwa yuko kwenye nusu kaputi, amelala kabisa. Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Ya kwanza ni kukata na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba kama ndizi. Kilichokatwa hakirudi. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo kama yai juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu ya njia. Zote mbili hubadilisha pia homoni za njaa na sukari, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa kisukari huona sukari ikishuka hata kabla kilo hazijapungua sana.

Puto la tumboni, ambalo wengi mmelisikia, si upasuaji. Huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa maji, hukaa miezi 6 au zaidi kidogo kutegemea aina, kisha hutolewa. Likitoka, uzito hurudi kwa wengi wasipobadili maisha. Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila imekuwa ikitoa huduma hizi za kupunguza uzito miaka ya karibuni, kwa hiyo si lazima tena kufikiria India.

Kovu dogo lisikudanganye kuhusu ukubwa wa upasuaji. Nje unaona alama kama za kuchomwa na mwiba. Ndani kuna mshono mrefu unaopaswa kuzuia chakula na tindikali visimwagike. Mshono huo ukivuja, na kwa wastani huvuja kwa takriban mtu mmoja kati ya 100, usaha hujaa tumboni na mgonjwa anaweza kufariki asipowahishwa. Wengine hutokwa damu ndani. Wengine hupata damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, kipande kikapanda mapafuni. Ndiyo maana muuguzi atakuamsha utembee siku ile ile hata ukimlalamikia. Katika hospitali zenye uzoefu, vifo ndani ya mwezi wa kwanza ni karibu mmoja kati ya 1,000. Hatari hiyo inalingana na ya kutoa kifuko cha nyongo. Mahali pasipo na uzoefu namba hiyo haikuhusu, na una haki ya kumuuliza daktari wako ameshafanya wangapi na wangapi walipata matatizo. Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Grant alijifunza kwa Rumanyika jinsi jeraha linavyoweza kumpangia mtu maisha. Mguu wake ulivimba, ukatunga usaha na kukataa kupona. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862, Grant akabaki amelala Karagwe hadi Aprili, akitibiwa kwa dawa zake mwenyewe na kwa dawa za wenyeji, na alipoondoka alibebwa kwenye machela. Rumanyika hakumfukuza. Miezi ile yote alimlisha na kumlinda mgeni asiyeweza kutembea, ambaye hakuwa na faida yoyote kwake. Kama kuna sehemu ya maisha ya mfalme huyu ambayo familia ya mgonjwa wa leo inapaswa kuikumbuka, kwa maoni yangu ni hiyo kuliko ile ngoma. Mgonjwa wa upasuaji wa uzito huambiwa ataruhusiwa baada ya siku mbili au tatu, na ni kweli kwa wengi. Lakini anayevuja hulazwa wiki nyingi. Kabla ya kusaini fomu, kaeni nyumbani mpange nani atakaa naye, nani ataangalia watoto, na bima inagharamia nini ikiwa siku tatu zitageuka arobaini.

Tuje kwenye faida, maana zipo na ni kubwa. Mtu mwenye kilo 130 anaweza kutarajia kupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, yaani kubaki na kilo 90 na kitu. Usiote kilo 60. Baada ya mwaka wa pili sehemu ya uzito hurudi kwa wengi. Magoti hupata nafuu, shinikizo la damu hushuka, na mtu aliyekuwa akikoroma na kukatika pumzi usiku hulala vizuri. Huko Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu wapatao 2,000 waliopasuliwa, pamoja na idadi kama hiyo ya wanene wasiopasuliwa. Baada ya miaka 10 na zaidi, waliopasuliwa walikuwa wamefariki wachache zaidi. Kwa waliokuwa na kisukari kabla, miaka miwili baada ya upasuaji karibu 7 kati ya 10 hawakuwa nacho tena; kwenye mwaka wa 10 waliobaki bila kisukari walikuwa chini ya 4 kati ya 10. Nyingi za operesheni zile ni za mtindo wa zamani, za leo ni bora zaidi. Hata hivyo, kama una kisukari, endelea na kliniki hata sukari ikiwa imetulia.

Na hapa ndipo vyombo vya maziwa vya Bweranyange vinaporudi. Tumbo lililokatwa huzuia ugali, nyama na wali. Halizuii kinywaji. Soda, maziwa yaliyotiwa sukari, uji mzito wa sukari, juisi na bia hupita kwenye ule mrija kama maji kwenye bomba, na mtu aliyepasuliwa anaweza kurudisha kilo zake zote bila kula sahani moja kamili. Kwa waliofanyiwa ule wa kuunganisha utumbo, sukari ya haraka huleta adhabu yake: jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuharisha muda mfupi baada ya kunywa. Pombe nayo hupanda kichwani haraka kuliko zamani, na baadhi ya watu huingia kwenye ulevi ambao hawakuwa nao. Mgonjwa anayeishi na watu wanaomletea soda kila jioni kwa upendo ana baba wa Karagwe nyumbani kwake.

Kuna mambo mengine ya muda mrefu ambayo watangazaji wa huduma hizi huyapitia haraka. Kiungulia kikali hutokea kwa baadhi ya waliokatwa tumbo, na kama unacho tayari, mwambie daktari kabla hajachagua aina ya upasuaji. Kupungua haraka huleta mawe kwenye kifuko cha nyongo. Nywele hunyonyoka katika miezi ya mwanzo, kisha nyingi hurudi. Ngozi hulegea na kuning'inia. Wasiomeza vidonge vya vitamini na madini kila siku, maisha yote, huishia na upungufu wa damu, mifupa dhaifu na ganzi ya miguu. Aliyeunganishwa utumbo asiguse diklofenaki wala ibuprofeni za duka la dawa, na asivute sigara. Vyote huchimba kidonda pale kwenye maungio. Utumbo unaweza pia kujisokota miaka baadaye, mtu akaumwa tumbo ghafla na ikadhaniwa ni gesi.

Dada zangu mnaotafuta mtoto: uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka, wakati mwingine ghafla. Subiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba, na usitegemee vidonge vya uzazi wa mpango baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo, kwani huenda visifyonzwe vizuri. Zungumza na mtoa huduma kuhusu njia nyingine.

Nani anafaa? Kwa kawaida ni mtu ambaye kilo zake zikigawanywa kwa urefu wake wa mita mara mbili (gawanya kwa urefu, kisha gawanya tena kwa urefu) zinatoa 40 au zaidi, au 35 kama ana kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa mwingine unaotokana na uzito. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 umeshusha viwango hivyo kidogo. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 103 anapata takriban 40. Kwa vijana chini ya miaka 18 upasuaji upo, lakini ni wa wachache na hufanywa penye timu maalumu ya watoto. Mzazi aliyeniuliza kuhusu binti yake wa darasa la saba mwenye kilo 70, jibu langu ni kwamba anza na jikoni na vinywaji vya nyumba nzima, pamoja na wewe, na umpeleke kwa daktari wa watoto. Usimwekee chakula chake peke yake mezani wakati wenzake wanakunywa soda. Hiyo nayo ni fimbo, ila imegeuzwa upande. Siku hizi kuna pia sindano za kupunguza hamu ya kula kama semaglutide; nitaziandikia makala yake.

Rumanyika aliendelea kutawala. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipita kwake, akamkuta mzee mtulivu, akaonyeshwa nyumba ya hazina yenye mikuki, ng'ombe na wanyama wengine waliofuliwa kwa chuma na shaba. Baadhi ya kazi hizo za wahunzi wa Karagwe leo ziko kwenye makumbusho ya Ulaya. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1870, mfalme alifariki, na warithi wake wakaingia katika ugomvi na mauaji yaliyoudhoofisha ufalme. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliopita Afrika Mashariki yote, ukaua mifugo mingi mno. Maziwa yakakatika. Wanawake ambao zamani hawakuweza kusimama kwa unene walifuatiwa na kizazi kilichojua njaa, na hakuna aliyekuwa amewauliza mwanzoni wala mwishoni wanataka mwili wa namna gani.

Wewe unaulizwa. Kwa hiyo ukiwa Kanda ya Ziwa, anzia kituo chako cha afya au hospitali ya wilaya, upimwe uzito, urefu, kiuno, presha na sukari, kisha uombe rufaa kwenda Bugando. Huko watakuona daktari wa magonjwa ya ndani na mtaalamu wa lishe, na wa upasuaji baadaye kama inafaa. Uliza upasuaji gani wanapendekeza na kwa nini, nani atakufuatilia ukirudi nyumbani, na vidonge vya vitamini vitagharimu kiasi gani kwa mwezi, maana utavimeza maisha yote.

Ukishafanyiwa Dar es Salaam na kurudi Ukerewe, Sengerema au Muleba, omba karatasi inayoeleza aina ya upasuaji na tarehe, na simu ya wodi. Ibebe kwenye pochi kila uendako. Kuuma bega siku mbili tatu za mwanzo ni ile hewa, hupita. Lakini ukipata homa, moyo ukipiga zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umekaa, tumbo kuuma kusikopungua, pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba, au kutapika kila unachokunywa, usisubiri meli ya kesho wala usiombe dawa ya gesi dukani. Nenda hospitali iliyo karibu, toa ile karatasi, na kama umetapika kwa siku kadhaa mkumbushe mhudumu akupe vitamini B1 kabla ya kukutundikia dripu ya glukosi.